Nilivyofuga Wadudu Kwenye Nyumba ya Rubisi

Mwalimu wetu wa baiolojia alipotuambia kila mmoja achague jaribio la kufanyia nyumbani, wenzangu walichagua mambo ya watu wenye heshima zao: maharage yanayoota kwenye pamba, betri ya limau, mshumaa unaozimika ndani ya glasi. Mimi nilichagua matope. Sababu ilikuwa moja tu, na haikuwa ya kisayansi. Mwalimu alisema yatanuka yai bovu.

Wakati huo baba alikuwa ameshazikwa. Nalitaja mapema nisije nikaonekana nilikuvizia nalo mbele ya safari.

Siku ya mazishi nilisimama kando ya kaburi, kwenye kibanja chetu cha migomba hapa Kituntu, nikawa namwangalia mchungaji. Kamba ya kiatu chake cha kushoto ilikuwa imefunguka. Kila alipogeuka iliburuzika kwenye udongo mbichi, ikatoka, ikaingia tena. Nilichokuwa nawaza ni kwamba akijikwaa atatangulia yeye kabla ya jeneza. Baadaye watu wakanishika bega, mmoja baada ya mwingine: "Umejikaza kiume." Wala sikujikaza. Anayejikaza ana kitu anakizuia. Mimi nilikuwa kama mguu ulioukalia vibaya wakati wa mahubiri marefu: unauona upo, kiatu kimo, lakini ukiubonyeza ni kama wa mtu mwingine.

Utani haukukatika hata hivyo. Ulikuwa unatoka wenyewe, kama redio iliyosahaulika ikiwaka kwenye nyumba isiyo na watu. Siku za matanga niliwaambia wanakwaya kwamba mchungaji amepata pancha Nyaishozi na amesema waanze kula tu. Wakaanza. Walipofika katikati ya nyama, mchungaji akatokea nyuma ya nyumba anajifuta maji mikononi. Tangu siku hiyo ukoo mzima uliniweka kwenye kundi la watu ambao hata wakisema mvua inanyesha, unatoa kwanza mkono nje ya dirisha.

Sasa matope. Mwalimu alikuwa anatufundisha kwa Kiingereza mpaka mkuu wa shule apite dirishani, halafu anarudia kwa Kiswahili, na hapo ndipo darasa linapoanza. Akanieleza: chukua matope meusi ya bondeni, changanya na gazeti lililochanwachanwa na kiini cha yai, jaza kwenye chupa ya maji, ongeza maji ya hukohuko bondeni, funga kifuniko. Chupa moja iweke kwenye mwanga, nyingine izungushie mfuko mweusi isione kitu. Subiri.

"Nasubiri nini, mwalimu?"

"Humo kwenye matope mna bakteria wanaoishi kwa mwanga."

"Kama majani?"

"Kama majani, ila wao walianza kazi hiyo kabla majani hayajakuwepo duniani. Na hewa tunayovuta sisi hawaitaki. Wanataka matope, harufu mbaya na mwanga."

"Kama Kidato cha Pili B," nikasema. Darasa likacheka, naye akacheka kidogo, halafu akaendelea. Akasema bakteria hao wana rangi ya kunasia mwanga, na rangi hiyo haiji yenyewe. Inatengenezwa na vimeng'enya. Vimeng'enya ni mafundi wa ndani ya mwili, kila fundi na kazi yake, na bakteria hawaweki fundi asiye na kazi. Mwanga ukibadilika, wanaongeza mafundi au wanawapunguza. Nilichoshika siku hiyo ni neno lenyewe, vimeng'enya, ambalo ukilitamka unaonekana unatafuna gegedu.

Chupa nilizipeleka kwenye nyumba ya pombe. Ni kibanda cha udongo cha kutengenezea rubisi, pombe ya ndizi, nyuma ya jiko la bibi, mama yake baba, ambaye mimi na dada tunaishi naye. Kina dirisha moja dogo linalotazama mashariki, na watoto hawaingii humo kwa sababu bibi ana fimbo. Matope yalibaki, kwa hiyo badala ya chupa mbili nikawa na tatu: mbili dirishani, moja kwenye mfuko mweusi pembeni.

Kesho yake nilimkuta bibi amesimama mbele ya dirisha, mikono kiunoni.

"Nani kaacha vitu hivi uchi?"

"Shikamoo bibi. Ni mimi. Vinatakiwa viwe uchi, vinaota jua."

"Vinachacha?"

"Vinaoza."

"Kinachochacha kinafunikwa, kinachooza kinaachwa? Nani kakufundisha hivyo?"

"Serikali."

"Serikali haijawahi kutengeneza rubisi," akasema. Akachukua majani makavu ya mgomba, akaifunika chupa iliyokuwa karibu naye, kwa namna ileile anavyoufunika ule mtumbwi wa mti anaokamulia ndizi. Ya pili hakuifikia, ilikuwa juu. Nilitaka kuyatoa majani akishaondoka. Halafu sikuyatoa. Miezi ile mambo mengi yalikuwa hivyo: nataka, halafu sifanyi, na wala siumii.

Mwezi ukapita. Chupa ya kwenye mfuko mweusi ilibaki vilevile, nyeusi, imenuna. Ya kwenye jua ikaota ukijani juu, na kwa chini ikawa na mabaka ya waridi, kama kitambaa kilichochujuka. Siku moja nikafunua majani ya bibi. Nilidhani mtu amenibadilishia chupa. Ilikuwa nyekundu. Nyekundu ya zambarau, nzito, kama divai ya meza ya Bwana. Majani makavu hayazibi mwanga wote, yana mipasuko, na humo mwanga ulikuwa unapita nyuzi nyuzi.

Niliazima simu ya dada nikazipiga picha zote tatu, nikairudishia ile nyekundu majani yake, picha nikampelekea mwalimu. Alitazama ile ya chupa nyekundu mpaka nikadhani simu imezima.

"Hii umeiwekaje?"

"Sikuiweka mimi. Bibi ndiye kaifunika, alidhani itapata baridi."

"Unaona kinachotokea? Mwanga ukiwa hafifu, wanaongeza vimeng'enya vya kutengeneza rangi, ili wakinase hata hicho kidogo kilichopo. Mwanga ukiwa mkali hawana haja, wanapunguza. Ndiyo maana ya dirishani imepauka. Na gizani kabisa hawana cha kunasa, hawakui." Akanirudishia simu. "Usiifungue. Mwambie bibi yako ahsante."

Nilimwambia. Bibi akasema, "Nilikwambia." Akaendelea kumenya matoke.

Ni siku hiyohiyo nilipojua habari ya ulimi wake. Alipika, tukakaa kula, na tonge la kwanza likaniziba koo kwa chumvi. Dada alikuwa ameenda dukani, tulikuwa wawili tu. Nikasema, "Bibi, leo umetupikia Ziwa Victoria lililokosea likawa bahari." Nilitegemea fimbo. Yeye akaacha kutafuna.

"Imezidi?"

"Imezidi sana."

Akaangalia sahani yake. Alikuwa ameshakula karibu nusu.

"Siisikii," akasema. "Tangu tumzike mwanangu. Chumvi, sukari, moshi, kila kitu ni sawasawa. Ulimi umekufa ganzi."

Hapo ungetegemea mimi nilie, au nimshike mkono. Nilimwuliza kama pilipili pia haisikii. Akasema haisikii. Nikaenda kuchuma moja tukajaribu, akaitafuna kama karoti, mimi nikatokwa na machozi kwa kuiangalia tu. Tukacheka. Halafu akanishika kwenye kiwiko, kwa nguvu ambayo mtu mzee kama yeye hapaswi kuwa nayo.

"Usimwambie shangazi yako."

Nilielewa mara moja. Siku ya kumaliza matanga ya baba ilikuwa inakaribia, na shangazi, dada yake baba, ni mlokole. Alikuwa ameshasema kwamba nyumba ya Kikristo haiwezi kumaliza msiba kwa pombe, ziletwe kreti za soda, na kama bibi hana nguvu ya kutengeneza rubisi basi hiyo ni heri tupu. Bibi hakutaka kusikia. Ndizi za kutengenezea rubisi kwenye kibanja kile alizipanda baba. Alizipanda mwenyewe, akazipogoa mwenyewe, na bibi alikuwa ameamua kwamba mwanawe ataagwa kwa ndizi zake, wazee wazinywe, waseme watakachosema, ndipo matanga yaishe. Si kwa soda iliyotoka kiwandani bila kumjua. Sasa ikijulikana kwamba mwenye kutengeneza hasikii ladha, shangazi ataleta kreti zake kesho asubuhi.

"Utanionjea wewe," bibi akasema.

"Mimi mwanafunzi."

"Nimekwambia uonje, sijakwambia unywe."

Basi nikawa ulimi wa bibi. Ndizi zilipoiva kwenye shimo, alinipa moja: tamu kweli au bado? Bado. Akazirudishia udongo. Zilipokanyagwa pamoja na nyasi kwenye mtumbwi, juisi ikatoka, nikaonja: maji yamezidi? Hayajazidi. Akatia mtama aliokaanga na kusaga, akafunika majani ya mgomba, na mlango ukafungwa. Asubuhi ya siku yenyewe tukafunua pembeni kidogo. Ilikuwa inatoa povu, inasema peke yake kwa sauti ya chini. Nikachovya kidole.

"Ikoje?"

"Kali. Halafu tamu inafuata nyuma."

"Inakwaruza?"

"Hapa," nikamwonyesha pembeni mwa ulimi. Akaitikia kwa kichwa, akafunika. Ulimi wangu ulikuwa unafanya kazi vizuri sana. Ni sehemu nyingine zote zilizokuwa hazifanyi.

Ndugu wakaanza kufika. Wa Nyaishozi walikuja kwa bodaboda, wamebeba mikungu na mkeka. Baba mkubwa, kaka yake baba, akatoka Murongo, anakofanya biashara ya kuvusha vitu vya Uganda, na alipofika tu akauliza nyumba ya pombe bado iko palepale. Mimi nilitumwa kanisani kuleta viti.

Yaliyotokea nilisimuliwa, lakini nilisimuliwa na watu wengi kwa wakati mmoja kiasi kwamba ni kama nilikuwepo. Baba mkubwa aliingia kwenye nyumba ya pombe "kusalimia," kama alivyosema. Aliona mtumbwi umefunikwa majani. Halafu akaona, dirishani, chupa nayo imefunikwa majani. Akafunua. Nyekundu, nzito. Mtu mwingine angeona matope yenye ugonjwa. Yeye, mtu wa huku, akaona kitu kimoja tu: mama kaficha ile nzuri. Kinachofunikwa majani ya mgomba ndani ya nyumba ya rubisi ni rubisi. Akaizungusha kifuniko.

Nilikuwa njiani na viti kichwani niliposikia kelele. Nilipofika uani, harufu ilikuwa imeshatoka nje na kukaa na wageni. Yai bovu, shimo la choo, radi iliyopiga kinamasi, vyote pamoja. Baba mkubwa alikuwa ameinama kwenye mgomba anatema. Watu wameziba pua kwa khanga. Shangazi amesimama mlangoni mwa kibanda, mkono juu.

"Imeoza! Nilisema mimi. Mungu mwenyewe amekataa!"

"Imeoza yote?" mtu wa Nyaishozi akauliza, kwa huzuni ya kweli.

"Husikii hiyo harufu? Mwageni. Mwageni, tumtume kijana na pikipiki akachukue soda."

Bibi alikuwa katikati yao, amekaa kwenye kigogo karibu na mlango. Walikuwa wamemletea kata ya rubisi kutoka kwenye mtumbwi, kwamba onja mama, wewe ndiye umetengeneza, sema mwenyewe. Na alikuwa ameonja. Nilimwona anaizungusha mdomoni, anameza, halafu anabaki ameshika kata kwa mikono miwili, hasemi kitu. Wao walidhani ni aibu. Mimi peke yangu nilijua ni kwamba hajui. Kwake rubisi nzuri na maji ya kuoshea sufuria ni kitu kimoja. Labda kweli imeoza tangu asubuhi. Angejuaje?

Nikatua viti. "Siyo rubisi," nikasema. "Ni chupa yangu."

"Kaa kimya wewe," shangazi akasema.

"Ni matope. Ya shule. Baba mkubwa amekunywa matope."

Watu wawili wakacheka, na hilo ndilo lililoharibu, maana baba mkubwa aliinua kichwa kutoka kwenye mgomba. "Mnamsikiliza huyu? Huyu si ndiye wa pancha ya mchungaji?"

"Ndiye huyohuyo," mwanakwaya mmoja akajibu kutoka nyuma. Hajanisamehe mpaka leo.

Nikajaribu kueleza. Nilisema ndani ya chupa mna bakteria, wanaishi kwa mwanga, wanatengeneza vimeng'enya kufuatana na mwanga wanaoupata, hii iliyofunikwa imepata mwanga kidogo ndiyo maana imekuwa nyekundu, na harufu ni ya matope na yai, haina uhusiano na ndizi. Kwenye kichwa changu ilikuwa imepangika vizuri. Mdomoni ilitoka kama tangazo la mnadani.

"Subiri," akasema mzee wa ukoo, babu yetu mdogo. "Kwa hiyo umefuga wadudu kwenye nyumba ya pombe?"

"Ndiyo babu. Ila wako kwenye chupa."

"Na wadudu hao wanapenda kivuli."

"Wanakipenda sana."

"Na mtumbwi uko kivulini."

Niliona alikokuwa anaelekea na sikuwa na pa kumzuia. Watu wakaanza kunong'ona. Shangazi alikuwa tayari anapiga simu ya pikipiki. Vijana wawili waliingia kibandani, wakashika mtumbwi mwanzo na mwisho.

"Kifuniko kilikuwa kimefungwa," nikasema. "Mtumbwi haujaguswa. Rubisi ni nzima. Nakwambia kweli, babu."

Sikumbuki kama nilipaza sauti. Dada anasema nilisema polepole mno, kama mtu anayesoma kwa mara ya kwanza, na kwamba hilo ndilo lililomtisha, maana hakuwahi kunisikia nikimaliza sentensi bila kuiwekea mkia wa utani.

"Acheni," bibi akasema.

Vijana wakaacha. Akanitazama mimi, si wao.

"Asubuhi ulionja?"

"Nilionja."

"Kwa nini mtoto ndiye aonje?" shangazi akauliza, simu bado iko sikioni.

"Kwa sababu mimi sisikii," bibi akasema. "Ulimi wangu umekufa siku tuliyomzika ndugu yako. Sisikii tamu, sisikii chungu. Hii mliyonipa nimeinywa kama hewa. Huyu ndiye ametengeneza. Mikono ilikuwa yangu, ulimi wake." Kisha akanigeukia. "Ikoje?"

Kila mtu alikuwa ananitazama. Ni nafasi ambayo kwa kawaida ningeiuza kwa bei nzuri.

"Kali," nikasema. "Halafu tamu inafuata nyuma."

Bibi akainua kata akainywa yote. Akamnyooshea kijana mmoja aijaze tena, akaipokea, akampelekea mzee wa ukoo kwa mikono miwili, amepiga magoti nusu, mama wa umri ule. Mzee akainusa. Akanitazama juu ya ukingo wa kata kwa jicho ambalo lilikuwa linasema ukinidanganya nitakulaani mpaka wajukuu. Akanywa funda. Akakaa nalo. Akanywa la pili, refu zaidi.

"Leteni viti," akasema. "Na mtu afukie hayo matope ya shule."

Niliyafukia mwenyewe nyuma ya choo, chupa na yote. Nyekundu ile ilikuwa imeshaanza kuchanganyika na matope, haikuwa tena kitu cha kuonyesha. Jumatatu yake ningempelekea mwalimu chupa mbili na picha, naye angeniandikia kwamba jaribio halikukamilika, na lingekuwa halijakamilika kweli. Nilipiga udongo kwa jembe nikarudi, maana walikuwa wananiita.

Wakati nafukia walikuwa wameshakubaliana. Walinikalisha kwenye kigoda cha baba, mbele ya nyumba, wakanivika koti lake la kwendea kanisani. Mikono yake ilifunika vidole vyangu. Mzee wa ukoo akasema maneno kwa Kinyambo, kwamba huyu ndiye msika, ndiye anayeshika nyumba hii, kwamba aliyekufa ameondoka na hakuondoka bure. Watu wakaitikia. Nilikuwa nayasikia maneno vizuri, moja moja, kama mtu anayesikia mahubiri ya kanisa la jirani.

Halafu wakanipa kata. Siyo ya kunywa, ya kushika tu na kusema neno, ndipo watu waanze. Nikaona wanakwaya wameanza kutabasamu mapema. Baba mkubwa, macho bado mekundu, alikuwa amejiandaa kutukanwa. Shangazi aliinamisha kichwa, akaniombea nafikiri.

Nilitafuta la kuwaambia. Huwa yapo, yamejipanga mlangoni yanasukumana. Nilitazama ndani nikakuta mlango tu.

"Kunyweni," nikasema.

Wakasubiri mkia. Kwa kuwa haukuja, ilichukua muda kabla ya mtu kunyanyua kata. Aliyeanza alikuwa bibi.